Kompyuta na choroko havikai dari moja: historia fupi ya dari zetu Usukumani

Leo sizungumzii kiwavijeshi wala bei ya pamba. Nazungumzia dari, yaani kile chumba cha juu tunachopanda kwa ngazi mara moja kwa mwezi, tunarusha kitu, tunashuka na kusahau.

Kilichonifanya niandike ni tukio la mfanyabiashara mmoja wa kijiji kisicho mbali na mji wa Bariadi. Simtaji jina, tulikubaliana hivyo. Mzee huyu ananunua choroko na dengu, na anakopesha wakulima mbegu na viuatilifu mpaka wavune. Mbele ni duka, nyuma ni vyumba vya kulala, na juu ya silingi bodi ametandaza mbao akapata ghala. Wezi walipomwibia kompyuta ndogo ya dukani, alichukua ile kubwa ya zamani yenye orodha ya madeni akaipandisha darini, akaiweka karibu na inveta ya sola na kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera. Alivuta waya mpaka chini, akawa anatumia kioo na kibodi dukani huku mashine yenyewe imejificha juu. Ni akili nzuri ya kuwakwepa wezi, na maduka mengi ya huku yanafanya hivyo sasa.

Msimu wa choroko ulipoisha, alihifadhi magunia darini akisubiri bei. Bungua wakaingia. Akanunua vidonge vya kufukizia, akavipanga katikati ya magunia, akafunika turubai, akafunga mlango mdogo wa dari, akashuka kulala na mke na watoto wawili. Usiku wa manane mtoto mdogo akaanza kutapika, mama naye akasema kichwa kinapasuka na kifua kinabana. Bahati yao mzee alisikia harufu kama ya vitunguu saumu vilivyooza akakumbuka kilichoko juu. Aliwatoa wote nje, akaita bodaboda mbili, wakakimbilia kituo cha afya. Walipona. Wiki tatu baadaye alinipigia simu: "Bwana shamba, na mashine nayo imekufa." Fundi alipoifungua alikuta sehemu zote za shaba zimekuwa nyeusi kama zimebabuliwa na moto. Madeni ya msimu mzima yalikuwa humo, na hakuwa na nakala.

Kinachoniuma ni kwamba matumizi ya vidonge vile niliyafundisha mimi, kwenye semina ya kijiji. Nilieleza turubai, nilieleza siku za kusubiri, nilisema wazi kwamba hiyo ni kazi ya ghala lisilolala mtu. Sikuuliza swali moja tu: darini kwenu kuna nini kingine? Chuoni nilifundishwa kumtazama mdudu na zao. Kompyuta haikuwa kwenye mtaala.

Nimejiuliza sana tumefikaje hapa, na jibu limenirudisha nyuma miaka mingi.

Moshi

Ukikaa na wazee wa huku, watakueleza nyumba ya msonge ilivyokuwa. Mafiga yalikuwa ndani, na juu yake uchaga wa miti. Mbegu za mahindi ziliningʼinizwa hapo na maganda yake, pamoja na masuke ya mtama na uwele wa kupanda mwaka unaofuata. Moshi ulipita katikati yake kila siku, asubuhi na jioni. Ulikausha punje, na mdudu wa ghala anahitaji unyevu kidogo ili azaliane. Masizi nayo yaliifanya punje isiwe mahali pazuri pa kutagia. Hakuna aliyesoma darasani, lakini kazi ilifanyika. Michembe na matobolwa vilihifadhiwa vikiwa vimekauka mpaka vinalia kama kokoto.

Angalia jambo moja: juu ya uchaga ule hapakuwa na kitu ambacho moshi ungekidhuru. Dari ilikuwa na mgeni wa aina moja, chakula, na dawa yake ilikuwa moja. Fedha za pamba zilipoleta mabati, jiko likahama kwenda nje au kwenye kibanda chake. Nyumba ikawa safi, macho ya akina mama yakapumzika, na hilo siwezi kulilaumu hata kidogo. Lakini dari ikabaki kavu bila moshi, yenye joto kali la bati mchana na giza tulivu usiku. Ukitaka kumjengea mdudu nyumba ya wageni, huwezi kupata ramani bora zaidi.

Mchwa na karatasi

Kabla ya kompyuta, kumbukumbu zetu zilikuwa karatasi, na adui wa karatasi ni mchwa. Hata Wajerumani walimheshimu mdudu huyu: reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ililazwa juu ya mataruma ya chuma, na mchwa walikuwa mojawapo ya sababu. Ukipita Malampaka pale Maswa, kwenye tawi la zamani la kwenda Mwanza, tazama chini ya reli utaelewa.

Wakulima wa pamba wa kanda hii walikuwa na sababu ya pekee ya kupenda daftari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilio kikubwa kilikuwa mizani: mkulima anapeleka pamba, mnunuzi anapima, na uzito unaoandikwa si ule aliobeba kichwani. Vyama vya ushirika vilizaliwa kwenye kilio hicho, kila chama kikiwa na mpimaji wake na daftari lake. Mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Daftari lilikuwa silaha ya mnyonge. Mzee mmoja aliyekuwa karani wa chama cha msingi aliniambia kwamba kila Jumamosi walikuwa wanatoa madaftari yote kabatini, wanayakungʼuta juani na kukagua ukuta wa nyuma kama kuna njia ya udongo ya mchwa. Miguu ya kabati ilisimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu. "Mchwa akila ukurasa," alisema, "kuna mtu hajalipwa." Nawaombeni mkumbuke makopo hayo, nitayarudia.

Baadaye ilikuja dawa kali ya mchwa, aldrini na dieldrini. Ilimwagwa kwenye misingi ya nyumba na mashimo ya nguzo, na kweli mchwa waliondoka. Shida ni kwamba dawa yenyewe haikuondoka. Inakaa kwenye udongo miaka mingi na kujikusanya kwenye mafuta ya miili ya wanyama na watu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka zote mbili kwenye orodha yake ya kwanza ya kemikali za kuondolewa duniani. Kama kuna kopo la zamani lisilo na lebo nyumbani kwa babu, usilifungue wala kulimwaga. Toa taarifa ofisi ya kilimo.

Dumuzi

Mabadiliko makubwa ya dari zetu aliyaleta mdudu mmoja mgeni. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Hapa Tanzania aligunduliwa mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakati huo Bariadi ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga, jirani kabisa na Tabora. Watu walimwita Dumuzi, wengine wakamwita Scania, jina la lori. Kwa nini lori, kila mzee ana jibu lake. Mwaka 1983 alionekana Taita-Taveta nchini Kenya, mwaka 1984 akawa Togo, upande wa pili kabisa wa Afrika.

Fukusi wetu wa zamani alikuwa anakula punje kidogo kidogo. Dumuzi anageuza gunzi zima kuwa unga, na mihogo mikavu ndiyo anaimaliza kabisa. Tena ni mtoboaji wa mbao kwa asili: anatoboa nguzo, kihenge, hata plastiki. Kuhifadhi mahindi na magunzi yake, kama tulivyozoea, kukawa ni kumwandalia meza. Wataalamu wa miaka ya 1980 wakafundisha: pukuchua, changanya na dawa ya vumbi, kisha ndipo uhifadhi. Dawa hiyo ilichanganya viambato viwili, kimoja cha fukusi na kimoja cha Dumuzi, kwa kuwa kimoja pekee hakikuwaweza wote. Iliokoa chakula cha familia nyingi, na mimi ni mtoto wa kizazi kilicholishwa na mahindi hayo.

Lakini ilituachia tabia. Ukiona mdudu, mwaga unga. Baadaye vidonge vya kufukizia vilivyokuwa vya maghala makubwa vikashuka mpaka kwenye maduka ya vijijini, vikiuzwa kimoja kimoja ndani ya karatasi, na tabia ikawa mbili. Ndiyo maana mifuko ya PICS, ile wengi mnaiita ya kinga njaa, ninaipigia debe sana. Inaziba hewa, mdudu anaimaliza iliyomo na kufa mwenyewe, hakuna sumu inayobaki.

Mashine inapanda ngazi

Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka 9 baadaye, 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo mzee wa miaka 60 wa hapa Bariadi alikua, akaoa na kuzaa bila kuiona mashine hiyo kwa macho. Vizuizi vilipolegezwa, zikaja nyingi, kubwa kwa ndogo, mpya na za mtumba. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu, ofisi ziliongezeka na maduka ya kuchapa na kutoa nakala yakafuata. Mashine ikafika kwetu ghafla, bila ule muda wa kujifunza kuitunza ambao karani wa ushirika aliupata kwa daftari lake.

Na mdudu ndani ya kompyuta si jambo la Afrika wala la umaskini. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa mashine kubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyoitwa Mark II, walitafuta kosa mpaka wakakuta nondo amebanwa kwenye swichi ya ndani. Walimbandika kwa gundi ya karatasi kwenye daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya taifa ya Marekani mpaka leo. Mwaka 2002, kule Houston, Texas, mpuliza dawa mmoja aliwakuta sisimizi wageni ambao baadaye walisumbua nchi kubwa. Wanaingia kwenye visanduku vya umeme na kompyuta. Mmoja akipigwa na umeme anatoa harufu ya hatari, wenzake wanakuja kumtetea, nao wanapigwa, mpaka maiti zao zinajaza swichi na mashine inakufa. Sisimizi wetu ni wa aina nyingine, lakini mafundi wa Bariadi watawaonyesha inveta zilizopiga shoti kwa sababu ya mayai na udongo wa sisimizi. Wanafuata joto, ukavu na matundu madogo. Mende wanafuata hayohayo. Nyigu wa matope yeye anatafuta tundu tu, na tundu la kuchomekea flashi linamtosha kabisa.

Hapo ndipo dari ikapata wageni wawili wenye dawa zinazogombana. Sasa nieleze kilichotokea kwa yule mzee.

Kidonge kile ni alumini fosfaidi. Kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini. Kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gesi. Gesi hiyo ni nzito kidogo kuliko hewa, na inapita kwenye ufa wowote, hivyo silingi bodi kwake si kitu. Ukifukiza darini umefukiza chumba cha kulala. Haina dawa ya kuiondoa mwilini. Daktari anaweza tu kukusaidia upumue na moyo upige huku mwili ukipambana. Na gesi hiyohiyo inakula shaba, hata fedha na dhahabu zilizopakwa kwenye viunganishi vya kompyuta, hasa kukiwa na unyevu. Mashine haifi siku hiyo. Inakufa wiki chache baadaye, na mwenye nayo anasema ni umeme.

Dawa ya vumbi nayo, wengine wanainyunyiza kuzunguka mashine, hata ndani yake. Feni ya kompyuta inavuta hewa kutoka nje na kuipuliza chumbani mchana kutwa. Utakuwa umetengeneza pampu ya kuwapulizia sumu watoto wako. Unga unaganda kwenye feni, joto linapanda, mashine inazima. Dawa za kupuliza za mende nazo zina mafuta yanayoweza kushika moto penye cheche. Na kwa wale wanaoniuliza kuhusu moshi wa babu: hapana. Masizi yanashika unyevu, na unyevu juu ya bodi ya ndani ni kutu. Majani ya mwarobaini yaliyokauka sina ugomvi nayo kwenye maharage, lakini ukiyaweka karibu na mashine yanavunjika kuwa takataka za kuziba matundu.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na kama utafanya moja tu fanya hili: tenganisha. Nafaka na jamii ya kunde zikiwa darini, mashine ishuke. Mashine ikiwa lazima ikae darini kwa sababu ya wezi, mazao, mbegu za pamba na hata masanduku ya karatasi yatoke, kwa kuwa anayekuja kula choroko ndiye anayelala kwenye kompyuta. Kufukiza kwa vidonge hakufanyiki ndani ya nyumba ya kuishi kwa hali yoyote, hata kama familia imesafiri na mnarudi kesho. Hiyo ni kazi ya mtaalamu mwenye kibali, kwenye ghala la peke yake.

Ukishatenganisha, yanayobaki ni madogo. Weka mashine juu ya meza au rafu ya chuma, isiguse ukuta, na miguu yake isimame ndani ya makopo yenye mafuta machafu, kama kabati la yule karani. Hakikisha nyaya nazo haziwi daraja: mmoja ukigusa ukuta, sisimizi watapita hapo na makopo yako yatakuwa mapambo. Matundu ya kupitishia nyaya kwenye silingi yazibe. Matundu ya hewa ya mashine yasizibwe. Kama nyigu wanasumbua, funika yale ya kuchomekea nyaya yasiyotumika, na kwenye madirisha ya dari weka wavu laini wa chuma. Mende wape chambo cha jeli, tone dogo pembeni mwa chumba mbali na chakula na mikono ya watoto, kamwe si ndani ya mashine. Kila mwezi panda na tochi utazame mbao: njia ya udongo ni mchwa, unga laini chini ya boriti ni watoboaji. Kusafisha ndani mwachie fundi mwenye blowa, na umeme uwe umechomolewa. Inveta ina umeme unaobaki ndani hata ukizima, usiifungue mwenyewe.

Mashine usiyoitumia ifungie kwenye ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kanuni ni ileile ya mfuko wa kinga njaa: kausha kwanza, kisha ziba. Na darini mchana panachemka chini ya bati, kwa hiyo hata hiyo ndoo ni bora ikae uvunguni kuliko juu.

Kuhusu madeni ya yule mzee: fundi alifanikiwa kutoa diski na kusoma sehemu yake, si yote. Kwa yaliyobaki alizunguka kwa pikipiki kijiji kwa kijiji akiwauliza wakulima wenyewe wanadaiwa kiasi gani. Wengi walisema kweli, wachache walisahau, na mmoja alimwambia deni kubwa kuliko alilokuwa analikumbuka yeye. Sasa kompyuta iko chumbani kwake, nyuma ya mlango wa chuma, miguu ya meza imesimama kwenye makopo manne ya maziwa. Choroko ziko kwenye kibanda cha uani, ndani ya mifuko ya kuziba hewa. Kila Jumamosi binti yake anahamisha orodha kwenye flashi mbili, moja inalala kwa shangazi yake mjini. Na mzee mwenyewe amenunua daftari gumu la kurasa 200, anaandika humo pia kwa kalamu.

Mimi kwenye semina zangu nimeongeza swali. Kabla sijataja dawa yoyote, namwomba kila mtu aniambie darini kwake kuna nini. Majibu ni marefu kuliko nilivyodhani: betri za sola, redio, vyeti vya shule, mashine ya kushonea, mahari ya mtu. Wiki iliyopita mama mmoja wa Itilima aliniambia mwanawe mkubwa analala huko huko juu.